Bi Mkubwa wa Tengan Analia Oili

Mimi kazi yangu ni kupika pombe ya mtama, si kutengeneza matrekta. Lakini kibanda changu kimetazamana na ua wa marehemu Tengan, na mwaka ule, tangu mvua ya kwanza iliponyesha, nilichokuwa nakiona kila nikiinua macho ni miguu ya Skolastika, mjane wake, ikichomoza chini ya trekta. Uso wake nilikuwa nauona kwa nadra. Nikimwita aje ale, sauti inajibu kutoka mvunguni, "Nakuja, Filo," na haji. Ugali unapoa, mchuzi unaganda, nami nabaki na hasira zangu.

Trekta lenyewe ni la zamani, jekundu lililopauka kama pilipili iliyosahauliwa juani. Tengan alilinunua kwenye mnada wa shamba la misheni kabla hajafikiria kuoa. Siku alipomleta Skolastika nyumbani, watani wakasimama getini wakamwambia, "Karibu, binti, lakini ujue kuna mwenzio umemkuta. Yule pale ndiye bi mkubwa." Jina likaganda. Hapa kwetu Nandom, kwa Wadagaaba wa kaskazini mwa Ghana, hakuna anayesema trekta la Tengan. Tunasema Bi Mkubwa.

Skolastika hakununa. Aliamua kuishi vizuri na mke mwenzake. Tengan akiwa chini ya injini, mkono wake ulikuwa unatoka nje ukiwa wazi, na Skolastika anauwekea spana. Mwanzoni aliambiwa ni ipi. Baadaye alikuwa anajua kwa kuangalia tu mkono umegeukia wapi. Ndivyo alivyosoma ufundi, kwa kukabidhi. Alijifunza kukata gasketi, kile kizibo bapa kinachokaa kati ya vyuma viwili, kwa karatasi ngumu ya kalenda ya parokia: anailaza juu ya chuma, anagonga gonga ukingoni kwa nyundo ndogo mpaka karatasi inakatika yenyewe. Kila kilichowahi kuharibika mbele yake alikijua. Ambacho hakijawahi kuharibika, hakuna aliyemwonyesha.

Tengan alikufa kiangazi, wakati wa upepo wa vumbi, kwa ugonjwa wa uti wa mgongo. Aliugua Jumatatu, hakuiona Jumapili. Tukamkalisha juu ya jukwaa kama ilivyo desturi, marimba zikapigwa, na kama vile mkulima anavyowekewa jembe lake kando na mwindaji upinde wake, yeye aliletewa Bi Mkubwa, akaegeshwa pembeni ya jukwaa. Shati lake la kufuma, lile la mistari ya buluu na nyeupe, lilitundikwa kwenye usukani.

Skolastika hakulia. Wanawake walimpaka udongo mweupe, wakamfunga kamba ya nyuzi kiunoni kama mjane, akakaa ndani kimya, macho makavu. Watu hawakukosa la kusema. Mimi niliwajibu wawili watatu, na mmoja bado hanisalimii mpaka leo.

Ndipo wakaja watani wetu Wafrafra kutoka Bolgatanga, na mbele yao Akolgo, muuza kofia za majani. Kama hujaona mtani msibani, hujaona kitu. Akolgo alilala chini karibu na maiti, akadai na yeye amekufa ila apewe kwanza kichwa cha mbwa, kitoweo tunachowatania nacho Wafrafra. Alimkaripia marehemu kwa kuondoka bila kuaga. Kisha akageukia trekta.

"Nyie Wadagaaba hamna haki hata kidogo!" akapiga kelele. "Bi mdogo mmempaka udongo, mmemfunga kamba. Na mkubwa je? Yeye hakufiwa?"

Akachota udongo, akampaka Bi Mkubwa usoni, kwenye taa zote mbili. Akamfunga kamba kwenye bomba la moshi. Akatambaa hata chini yake, huku tumeshika mbavu, akatoka na magoti ya vumbi. "Nimemfunga," akasema. "Hatafunguliwa mpaka nipewe kanga wangu wa kufugwa, tena mnene, mikononi mwa mwenye nyumba."

Tulicheka mpaka waliokuwa wanalia wakacheka. Aliyekuwa hacheki ni Bayuo, kaka wa marehemu. Bayuo aliishi kusini, kwenye machimbo ya dhahabu ya Obuasi, tangu ujana, akarudi na kikohozi na haraka ya watu wa kusini. Alimwendea Akolgo kidole puani.

"Toka hapo na uchafu wako! Ndugu yangu yuko jukwaani pale, wewe unachezea mali yake? Kanga! Utapata fimbo!"

Mtani hafukuzwi. Hata mtoto anajua. Akolgo mwenyewe alicheka, akavaa kofia yake, akaondoka mikono mitupu, na jambo likabaki kiporo. Shangazi yangu alinikodolea macho, akatikisa kichwa.

Baada ya Pasaka Skolastika aliogeshwa, akakatwa kamba. Jioni hiyo hiyo alichukua ndoo akamwosha Bi Mkubwa udongo, akaikata kamba kwa kisu cha mumewe. "Tumemaliza wote wawili," akaniambia. Shati la mistari alilikunja akaliweka sandukuni. Aliona pindo lake limenyofolewa kipande, akalaumu panya.

Mvua ikanyesha. Watu wakaanza kuja kuomba walimiwe, kwa sababu ardhi yetu haikai laini muda mrefu. Ukichelewa, inafunga kama sakafu. Skolastika akapanda, akawasha injini kwa mara ya kwanza tangu msiba. Moshi mweusi, kisha ngurumo ile tuliyoizoea. Nilipiga vigelegele nikiwa na mwiko mkononi. Alilima nusu ya shamba la katekista, akarudi anaendesha polepole, uso umemshuka.

Oili ilikuwa inatiririka. Trekta kuukuu halikosi kudondosha tone, hilo nalijua hata mimi. Hii haikuwa tone. Ilitoka mbele penye feni, ikatoka nyuma penye klachi, ikatoka juu chini ya mfuniko wa valvu, ikalowanisha tairi. Skolastika akafungua mfuniko wa juu, akakata gasketi mpya kwenye picha ya askofu ya ile kalenda, akafunga. Juu pakakauka, mbele pakazidi. Akabadilisha sili ya mbele, ule mpira wa kuzuia oili, iliyoletwa kutoka mji wa Wa na basi la asubuhi. Mbele pakatulia kwa saa moja, nyuma pakafunguka kama bomba. Akapaka sabuni ya mche. Akapaka gundi. Kile kijiti cha kupimia oili kikawa kinaruka chenyewe kutoka kwenye tundu lake, kinamwaga oili kwenye injini ya moto, moshi unapaa. Akakifunga kwa mpira wa baiskeli kisiruke.

"Mbona kinaruka?" nikamuuliza.

"Sijui, Filo. Sijawahi kukiona kikiruka."

Fundi wa Wa, alipoelezwa kwa simu, alisema huenda ringi za pistoni zimekwisha, injini yote ifunguliwe. Kufungua injini yote mwezi wa kulima ni sawa na kusema basi tena.

Akaweka sufuria yangu kuukuu chini ya injini. Usiku ungeweza kuisikia hata ukiwa kitandani: to, to, to. Mchana anaongea na mtu huku mkono wake mmoja umeingia chini ya injini unapapasa kama kumelowa. Alikuwa anamsalimia padre huku anapapasa. Mikono ile hakuiosha ikatakata wiki nzima. Alikula kwangu mara moja tu, na kile alichokishika kikanuka oili. Nami nikaambukizwa. Nikawa nakoroga pombe huku nahesabu matone, kana kwamba trekta ni langu.

Halafu maneno yakaanza, na maneno hayo ndiyo yaliyomla zaidi kuliko oili. Eti Bi Mkubwa analia. Eti bi mdogo hakumlilia mume, basi mkubwa analia kwa niaba yake, tena hataki kuguswa na mikono ya mtu asiye na machozi. Walisema hivyo kibandani kwangu, wakinywa pombe yangu. Niliwanyang'anya vibuyu.

Bayuo akaja akasimama kando ya ile miguu. Sitamsema vibaya sana. Ndiye mwenye nyumba sasa, na alikuwa na hofu zake.

"Shemeji, toka tuongee."

"Naongea hapa hapa, shemeji. Nimeshika nati."

"Kila unachopata unakinunulia oili, oili inamwagika chini. Watoto wa nyumba hii watakula oili? Siku ya soko wanakuja watu wa vyuma chakavu na lori lao. Nimeshaongea nao."

Miguu ilitulia. "Mashamba ya watu nimeshawaahidi."

"Uliahidi na nini? Na hiki kilio? Hata marehemu anakuambia uache."

"Shemeji, bila hili mimi hapa nyumbani ni nani?"

Bayuo alikohoa, akaondoka. Na hilo swali ndilo lilikuwa lenyewe. Mjane mwenye trekta anaombwa, anasubiriwa, anasalimiwa kwa kupigiwa goti. Mjane asiye nalo anapewa kona ya shamba la shemeji na jembe la mkono. Skolastika alikuwa amevuka umri wa jembe la mkono, mgongo wake ulishachoka chini ya injini.

Siku chache zilizobaki aliingia kazini kama aliyepagawa. Alifunga kila nati. Alifunika kila tundu. Kila alipoziba, oili ilitafuta mahali pengine. Mkesha wa soko alikuja kibandani, akakaa kwenye benchi la wateja, akaitazama mikono yake.

"Filo, labda ni kweli. Labda ananikataa."

"Nani? Chuma?"

"Nimeshindwa hata kumlilia mume wangu. Najaribu. Nalala, nasema sasa nitalia, nasikia ile to, to, nainuka kwenda kuangalia sufuria."

Nilimpa pombe, hakuinywa.

Lori likaja asubuhi ya soko, mapema, na wanaume watatu na minyororo. Skolastika alikuwa amesimama mbele ya Bi Mkubwa amevaa kitenge safi kana kwamba anaenda kanisani. Bayuo alikaa kwenye kigoda mlangoni, hatazami mtu. Mnyororo ukapitishwa kwenye ekseli. Nilitoka na mwiko wangu, sijui nilitaka kumpiga nani.

Katikati ya hayo nikasikia sauti kutoka barabarani. "Watumwa wangu! Mnahama, hamuagi?"

Alikuwa Akolgo, akituita watumwa kama watani tunavyoitana, anaelekea sokoni, kofia kumi zimepandana kichwani.

"Nenda zako leo, Akolgo," nikamwambia. "Leo si siku ya utani."

"Siku ya mtumwa kumpangia bwana wake bado haijaja. Mnampeleka wapi Bi Mkubwa?"

"Anauzwa chuma chakavu. Anavuja oili kila mahali, hatengenezeki."

Akolgo akamtazama trekta, akaona taa hazina udongo, kamba haipo. Akapiga makofi. "Alaa! Mmemwogesha mjane bila aliyemfunga? Na kinywa chake je, mlikizibua na nani?"

Skolastika aligeuka taratibu sana. "Kinywa gani?"

"Mjane mkubwa hasemi mpaka afunguliwe. Nilimziba kinywa. Hamkujua?"

"Ulimziba wapi? Akolgo, wapi?"

Yule mtu, Mungu amsamehe, akaona mchezo umenoga. Akakunja mikono. "Kanga wangu yuko wapi?"

"Nitakupa kanga. Nitakupa watatu. Niambie wapi!"

"Sitaki wa mwanamke. Nilisema mikononi mwa mwenye nyumba. Yule pale aliyeniahidi fimbo."

Wenye lori walikuwa wameanza kukaza mnyororo, tairi la mbele limenyanyuka. Skolastika alimkimbilia Bayuo, akapiga magoti, oili ya ardhini ikakilowanisha kitenge chake safi.

"Shemeji, nakuomba. Ulimfukuza mtani wa ndugu yako. Mpe kanga."

"Utaamini upuuzi huu?"

"Nimeamini ringi, nimeamini sili, nimeamini gundi. Hiki ndicho kimebaki. Ukimpa kanga na oili ikaendelea kumwagika, nitawasaidia mwenyewe kusukuma."

Bayuo aliangalia umati. Umati ulikuwa umeshakusanyika, siku ya soko haikosi watu, na wote walikuwa wanamtazama yeye. Wazee wawili wakakohoa kikohozi kile cha kumkumbusha mtu jambo. Akainuka.

Sasa, kumkamata kanga mchana kweupe si mchezo. Anayemtaka kanga humvizia jioni akiwa amelala mtini. Bayuo, mzito, pumzi zenyewe za machimboni, akaanza kumkimbiza kanga wake ua mzima, naye kanga akapanda paa, akashuka upande wa pili, akapita chini ya lori. Watu walicheka. Mimi sikuweza. Nilikuwa namtazama Skolastika, ameshika boneti kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mlango usifunguliwe, na tairi la mbele liko hewani.

"Shusheni kwanza!" nikawapigia kelele watu wa lori. "Shusheni, au pombe yangu hamtainywa mpaka mfe!" Wakashusha.

Bayuo akaanguka kifudifudi nyuma ya ghala, halafu akainuka na kanga kamshika miguu, manyoya mdomoni. Akaja mpaka mbele ya Akolgo, kifua kinapanda na kushuka. Alimkabidhi kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu arudi nilimsikia anaongea kama mtu wa kwao.

"Chukua, mtumwa wangu. Na kofia zako mbaya."

"Wewe ndiye mbaya, ila umejua," akasema Akolgo. Akanipa mimi nimshikie kanga, akavua kofia zote kumi. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Akalala chali kando ya injini. Pale ubavuni kuna kibomba kinachoning'inia kuelekea chini, mdomo wazi, ambacho nimekiona miaka yote bila kujua ni cha nini. Skolastika alikiona naye. Kikiwa wazi mdomoni, kimya, hakijawahi kumsumbua Tengan, hivyo hakijawahi kutajwa. Akolgo aliingiza waya wenye ndoano, ule wa kufungia kofia zake, ndani kabisa. Akavuta. Kikatoka kipande cha udongo mkavu, kimoja, kingine. Akavuta tena, uso umemkunjamana, na kitambaa kikaanza kutoka, kirefu, cheusi kwa oili.

"Mjane hushika kipande cha nguo ya mumewe," akasema kutoka chini, na sauti yake haikuwa na utani. "Huyu hana mikono. Nikampa mdomoni. Nilijua mtanipa kanga siku ile ile nikitoe."

Skolastika alikichukua. Alikikamua kati ya vidole na mistari ikaonekana, buluu na nyeupe. Alikiweka begani, akapanda, akawasha.

Injini ikanguruma. Kwenye kile kibomba ukatoka moshi mdogo, puf, puf, puf, pumzi ya mtu aliyetoka kuzama. Kumbe injini ilikuwa haipumui, na pumzi iliyofungiwa ndani ndiyo iliyokuwa inaisukuma oili itoke kila penye mwanya. Mimi nilikimbilia kalenda ya parokia, nikachana mwezi wa nane, nikautandaza chini ya injini, nikapiga magoti. Skolastika alifungua ule mpira wa baiskeli kwenye kijiti cha oili. Tukakitazama sote, pamoja na watu wa lori. Kijiti kikatulia mahali pake.

"Kuna nini chini, Filo?" akauliza.

"Bado hakuna."

"Angalia vizuri."

"Naangalia."

Tone moja likadondoka kutoka nyuma. Moyo wangu ukaenda nalo. Nikasubiri la pili huku nimeshikilia shingo ya kanga wa watu mpaka Akolgo akaninong'oneza kwamba ninamuua. La pili halikuja. Karatasi ikabaki na doa moja, na picha ya Mtakatifu wa mwezi wa nane ikabaki safi.

"Hakuna, dada," nikasema. "Hakuna kitu."

Bayuo alitazama karatasi, akatazama mnyororo. "Fungueni," akawaambia wale watu. Mmoja akaanza kulalamika habari ya safari yao. "Nimesema fungueni. Hamuoni kuna mtu ana mashamba ya kulima?"

Wakafungua. Umati ulisubiri Skolastika aondoke, apige honi, afanye lolote. Hakuondoka. Alikaa juu ya kiti, akakitoa kile kitambaa begani, akajifunika nacho uso, oili na udongo na vyote. Mabega yakaanza kutikisika. Alilia kwa sauti, kama wanavyolia wanawake siku ya kwanza ya msiba, akimwita Tengan kwa jina lake la utotoni ambalo wengine hapo hata hawakulijua.

Hakuna aliyemfuata. Niliwafukuza watu kwa mwiko, waende sokoni. Injini ilikuwa inanguruma, nadhani alifikiri hatumsikii.